Maiki ya Profesa

Dada, uko wapi? Nimetoka chuoni sasa hivi.

Unamkumbuka yule profesa wa makabila na mawasiliano, baba wa mchumba wa binti yangu? Aliyemwambia mwanawe jikoni, nami niko sebuleni na soda yake mkononi, "Watu wa kabila lile hawaingii kwenye ukoo wangu"? Binti yangu hajala vizuri tangu siku ile.

Leo alikuwa na mhadhara wa wazi. Nikaenda, nikakaa mstari wa mbele.

Kaongea vizuri jamani! Ubaguzi unaanzia nyumbani, sijui nini na nini. Halafu, kama kawaida yake, akapitisha maiki: "Kila mtu atuambie kauli ya ukabila aliyoisikia kwa masikio yake."

Kwa masikio yake! Kaomba mwenyewe!

Nikasimama, nikaitoa neno kwa neno. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Inasikitisha sana. Uliisikia wapi, mama?"

"Jikoni kwako, Profesa. Jumapili."

Wanafunzi wakalipuka kwa kelele.

Hakunitambua, dada! Nimekunywa soda yake na hakunitambua!

Kanifuata nje, jasho linamtiririka. "Mama, karibu nyumbani tuyamalize."

Nikamwambia, "Kwako nimeshafika. Sasa utakuja wewe kwangu, na mkeo, mumwombe binti yangu msamaha."

Wanakuja Jumamosi. Kile kiti kinachoyumba nilichompa mumeo akitengeneze, mwambie asikiguse. Nirudishieni hivyohivyo. Kuna mtu wa kukikalia.