Mrija wa Baba Noela

Mshangano, Songea
12 Julai 1996

Mwanangu Noela,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti na baridi hii ya Julai. Baba yako ndiye ananitia wasiwasi. Tangu mlipomruhusu hospitalini kwenu huko Dar aje kupumzika kabla ya dozi nyingine ya dawa ya saratani, alikuwa anakula vizuri, hata ananitania eti nimekuwa nesi bila cheti. Sasa homa imemshika. Jumatatu alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, kesho yake mzima. Jana Alhamisi, tena. Malaria tu hiyo, nimempa klorokwini.

Ule mrija wa kifuani mliomwekea wa kupitishia dawa usiwe na shaka nao. Nausafisha kila Jumatatu na Alhamisi kama ulivyonifundisha: nanawa mikono, bomba la sindano jipya, nasukuma maji ya chumvi, halafu ile dawa ya kuzuia usizibe. Ngozi haina wekundu wala usaha. Jirani Lukresia anakuja kushangaa, namfukuza asiguse!

Mama yako,
Benigna

Dar es Salaam
17 Julai 1996

Mama, shikamoo.

Pole na uuguzi. Barua yako imefika leo, nimeisoma nimesimama wodini. Mama, usiuguse tena huo mrija! Siyo malaria hiyo. Anatetemeka siku zilezile unazosafisha. Wadudu wako ndani ya mrija, ukisukuma maji unawasukumia kwenye damu. Nje ngozi inaweza kuwa safi kabisa. Hilo sikukwambia. Nilikufundisha kutazama ngozi tu, na ninajilaumu.

Mpeleke hospitali upesi. Wachukue damu ya mrijani na ya mkononi ya kupima wadudu kabla ya kumpa dawa, kisha waamue kama mrija utolewe. Usiuvute mwenyewe, umeshikana na nyama. Simu ya parokiani haishiki tangu mchana, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi la kesho alfajiri.

Mwanao,
Noela

Songea
20 Julai 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi sina. Barua yako nimeipata Ijumaa asubuhi. Alhamisi nilikuwa nimeshausafisha mrija. Safari hii alitetemeka mpaka midomo ikawa ya bluu.

Tulimkimbiza hospitali. Nilimsomea daktari barua yako yote, akachukua damu kama ulivyosema, akaanza dawa za mshipani, na jioni mrija wakautoa. Presha bado iko chini. Daktari anasema tusubiri.

Leo amefumbua macho. Nikamwambia ukweli, nikamwambia, Baba Noela, ni mimi niliyekuwa nakutia ugonjwa kwa mikono yangu. Unajua alinijibu nini? "Nilijua. Kila ukimaliza ndipo inaanza. Ila ulikuwa unaifanya kazi hiyo kwa furaha, Mama Noela, nikaona aibu kukwambia."

Miaka thelathini na moja nimeishi na mtu huyu! Nina hasira naye, Noela, na yeye hana nguvu hata ya kugombezwa. Njoo mwanangu. Homa haijashuka.

Mama yako