Kwao ni Hapa

Katuba, Lubumbashi
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Muhindo,

Salamu nyingi kwako, kwa mke wako Syntiche na kwa Benita wetu. Mnaendeleaje huko Johannesburg? Kifua cha mtoto kimepona? Tulisikia baridi ya mwaka huu iliwatesa. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mvua zimeanza, umeme unakuja siku ukitaka. Miguu ya mama bado inavimba jioni, lakini anatembea mpaka kanisani na kurudi, na akipiga magoti anakuombea wewe kwanza kabla ya sisi tunaompikia. Silalamiki, nakuarifu.

Utashangaa kupata karatasi mikononi mwa dereva Adalbert wakati simu tunazo wote. Ni kwa kusudi. Kwenye simu nakuandikia maneno marefu, nawe unanijibu kidole gumba. Nikiuliza jambo, kidole gumba. Nikikasirika, kidole gumba na maua. Karatasi haina vidole, ndugu yangu. Itabidi usome mpaka chini.

Nianze na mama. Unajua walivyofika yeye na Dorcelle, mdogo wetu, baada ya Goma kuanguka mwezi wa kwanza: begi moja, watoto wa Dorcelle, na ile sufuria kubwa ya mama ambayo hakukubali kuiacha. Walizunguka na mabasi Rwanda, Tanzania na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, nami nikaenda kuwapokea. Nyumba ya baba inalaliwa na watu tusiowajua. Mama haizungumzii kabisa. Ila kila jioni anauliza kama njia ya kurudi imefunguliwa, tena anauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Mwaka huohuo biashara yangu nayo ilikwenda. Mzigo wangu ulikuwa unatoka kule, na benki za kule zilipofunga milango, mzigo ulipotelea hewani. Shemeji yako, baba Delphine, bado yuko Kambove anawauzia wachimbaji chakula, na akituma kitu, kinakwisha kabla hakijafika mezani. Kilichobaki kutulisha ni chumba cha mbele, kile watoto wa mtaa wanachokiita «salle», wanakolipa kucheza michezo ya video. Zile mashine mbili za michezo ulizotuletea ulipoanza kazi, zenye alama ya kijani, ndizo zilizokuwa zinatupikia ugali. Nakumbuka ulivyomwambia dada yako mkubwa, «Yaya, hizi ni zako, usiwe unamwomba mtu.» Nilikubariki siku ile, na baraka ile siirudishi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa tisa ulitutumia picha ya bango kubwa lililosimamishwa hapa mjini, karibu na mabenki. Mchezo mpya wa mpira wa mwaka huu, mchezaji akiruka, na chini yake mashine nyeusi ya kampuni inayowapa ninyi kazi za matangazo. Juu yake maneno ya Kiswahili: MPIRA KWAO NI HAPA. Ukaandika, «Yaya, hayo maneno ni yangu!» Ee, tulifurahi! Mama aliomba apelekwe mjini akayaone. Alisimama chini ya bango lako na mwavuli wake, akawaambia wapita njia kwamba mwanawe ndiye aliyeyaandika. Hakuna aliyemwamini, naye hakujali.

Unamkumbuka Faustin, yule anayeuza vipuri vya baiskeli ng'ambo ya barabara. Wiki ileile akafungua salle yake. Akanunua mashine nyeusi, na wauzaji wakampa bango lako dogo, akalibandika mlangoni. Sina ugomvi na Faustin. Mtu anatafuta chakula. Ugomvi wangu ni na ule mlango.

Watoto walihama, Muhindo. Hawakuhama kidogo kidogo, walihama kama kuku waliosikia mahindi yanamwagwa. Mimi nikasema, si mchezo tu? Nikajinyima, nikanunua mchezo huohuo mpya, maana upo kwa mashine za kijani pia, unajua vizuri kuliko mimi. Nikauweka, nikawasha, nikafungua mlango wazi. Akaingia Chomba, mtoto wa fundi viatu, akatazama timu zilezile, uwanja uleule, akacheka.

«Maman, ya hapa iko ya bongo. Ya kweli iko kwa papa Faustin. Banaandika ku afishi.»

Bongo! Hapa bongo ni uongo. Mchezo wangu nilioununua halali ukawa uongo, kwa sababu afishi, yaani lile bango, imesema mchezo una kwao, na kwao si kwangu. Nikawaonyesha kila kitu. Wakatoa simu, wakanionyesha video za matangazo: mpira, magoli, kelele, na mwishoni mashine nyeusi peke yake. Mashine ya kijani haitajwi popote. Mtoto wa miaka kumi atakuwa na shaka gani? Hata mimi nilikaa nikaanza kukagua ile sahani ya mchezo nikidhani nimeuziwa ya kuiga.

Ndipo nikakupigia. Ulipokea, nakushukuru kwa hilo. Nilikuwa nimefungua sauti, mama na Dorcelle wakisikia. Nikauliza: mchezo huu ni wa mashine nyeusi peke yake? Ukasema hapana, ni wa mashine zote. Nikauliza: basi mbona mmeandika kwao ni hapa? Ukacheka kidogo, kicheko chako cha kazini, ukasema: «Yaya, hatukusema uongo. Angalia vizuri. Hatukuandika 'tu'.»

Hatukuandika tu. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Ukanieleza vizuri, kama mwalimu. Kwamba kampuni ya mashine nyeusi inawalipa wenye mchezo, si ili mchezo uwe wao, bali ili kwenye matangazo pasitajwe mashine ya mwingine. Kwamba mtu akiona jina moja kila mahali, atajiongezea hilo 'tu' mwenyewe kichwani. Kwamba ni mkataba, na kila mtu anafanya hivyo. Mimi nakuambia, huyo ni sawa na mtu anayelipia karamu ya ubatizo, kisha anaanza kumwita mtoto wa watu mwanangu. Tulifundishwa shuleni kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuijua kazi yako.

Nikakuomba kitu kidogo. Nikasema, nirekodie sauti yako tu, useme ni wewe uliyeandika bango, na kwamba mchezo ni uleule kwa mama Delphine kama kwa Faustin. Niwasikilizishe watoto, basi. Ukasema huwezi, mkataba haukuruhusu kutaja mashine nyingine. Hata kwa dada yako? Hata kwa mama aliyekuwa anakusikia? Ukasema utafikiri. Tangu siku ile, vidole gumba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nadhani msemo huo unahusu chawa.

Kuna jambo Dorcelle alinikataza kukuandikia, lakini nitaliandika. Siku moja yuko kwenye bomba anateka maji, mama mmoja wa mtaa akamsema mbele za watu kwamba tumekuja na mashine za bongo kuwaibia watoto wao. Akamalizia: «Murudie kwenu!» Kwetu wapi, Muhindo? Dorcelle alirudi na ndoo tupu. Ndoo ya pili aliichota mtoto wake. Najua mama yule angepata tusi lingine hata bila bango lako, kwa sababu tangu ndugu zetu wa mashariki waanze kujaa hapa, midomo haikosi neno. Lakini hili alilipata kwako.

Sasa usicheke. Mvua ya kwanza ilipolegeza bango la Faustin, wakamletea jipya, naye lile la zamani akampa Dorcelle, ati afungie mandazi anayouza. Mimi nikalichukua, nikalikausha, nikalibandika ukutani mwangu, juu ya mashine za kijani. Mimi, Kyakimwa, binti wa baba yetu aliyekataa kupima maharage kwa kopo lililobonyea! Na ndiyo, walirudi. Chomba alikuwa wa kwanza. Alishika mchezo uleule alioucheka, akacheza mpaka jasho likamtoka, akasema sasa maman umeleta wa kweli. Nilicheka mbele yao, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira.

Haikuchukua muda. Alikuja kijana wa wauzaji, shati jeupe, viatu vyeupe katika matope yetu. Akatazama bango, akatazama mashine.

«Maman, hii afishi haiko ya mashine yenu.»

«Na mchezo?» nikamwuliza. «Mchezo nao si wetu?»

«Mchezo ni ule ule, maman. Afishi njo yetu.»

Alisema hivyo kwa sauti, Muhindo, chumba kimejaa watoto! Kile ulichokataa kunirekodia, mgeni alinipa bure. Akalibandua bango, likachanika pembeni, akalitupa chini, akaenda zake. Nikawageukia watoto. Nikasema, mmesikia? Ni uleule. Si bongo. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kama siku ya arusi.

Wakatazamana. Chomba akaweka chini kile cha kuchezea, taratibu, kwa heshima, maana si mtoto mbaya.

«Tunayua ni ile ile, maman. Lakini kule njo kwabo.»

Kwao: neno lako lilelile. Wakavuka barabara. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yako ilivyo kubwa, mdogo wangu. Uongo ningeupinga kwa ukweli. Wewe hukusema uongo, basi ukweli ulipofika haukuwa na kitu cha kushika.

Salle nimeifunga. Dorcelle na wanawe wanalala humo sasa, angalau hawabanani na mama. Mashine zako nimezifunga kwenye kitenge juu ya kabati. Siziuzi, maana ni zawadi. Dorcelle anauza mandazi na mimi nauza makala, yaani mkaa, barabarani, mbele ya mlango wa Faustin, ambaye ananinunulia kila siku hata siku asiyopika. Huyo ndiye adui yangu.

Sitaki utume kitu kwa ajili ya barua hii. Aka! Ukituma nitakirudisha kwa Adalbert huyuhuyu. Na wala sikuambii uache kazi, una mtoto. Ninachotaka ni kwamba siku wakikukalisha tena utafute maneno matamu, ujiulize ng'ambo ya barabara anakaa nani. Huenda ni dada yako.

Nisalimie Syntiche, mwambie kitambaa alichoniahidi bado nakisubiri, hasira yangu haimhusu. Mbusu Benita. Dorcelle anakusalimu, ingawa amesema nisiseme hivyo. Baba Delphine akija kutoka Kambove nitamsomea jibu lako, kama litakuwa na maneno.

Mama naye ana salamu. Lile bango lililochanika aliliokota yeye, akalipangusa matope kwa kanga yake. Nilimkuta amelitandika juu ya kitanda, analinyoosha kwa kiganja. Unajua hasomi. Akaniuliza nimsomee tena yale maneno ya mwanawe, nikamsomea: kwao ni hapa. Akaacha kulinyoosha. Nikadhani sasa na yeye atakulaumu, nikafurahi, nisikudanganye. Akasema hivi, nami naandika kama alivyosema:

«Umwambie Muhindo aniandikie na mimi moja ya vile, kubwa, niibandike ku mulango, bantu ba hapa basome: huyu mama, kwao ni hapa. Lakini ile 'tu' asiitie. Goma nitarudia.»

Mwandikie, Muhindo. Hiyo andika vizuri. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na awape usingizi ambao sisi tunautafuta.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hasira na upendo vyote kwenye karatasi moja,

Kyakimwa