Feni ya Jikoni na Redio ya Baba

Mwenzangu, uko wapi? Baba leo katutia aibu, bado siamini!

Unajua redio yake inavyokwaruza kila mpira ukinoga. Basi leo kaapa mbaya wake ni jirani, yule fundi wa kuchomelea. Katoka na kandambili mpaka karakanani kwa mtu, mbele ya wateja: "Zima mashine zako, unaniharibia mpira!"

Fundi wa watu kazima zote, kaja kukaa naye sebuleni wahakikishe. Redio: KHRRRRR! Ile ile! Baba kainama kama anayetafuta kitu chini ya kiti 😂

Mara Mama akazima feni ya kutolea moshi jikoni. Redio ikatulia, sauti safi kabisa. Feni aliyoifunga Baba mwenyewe, akaisifia mtaa mzima! Ikabidi aombe radhi. Baba, eti, aombe radhi!

Nikakimbilia jikoni nikacheke. Namkuta Mama keshacheka mpaka machozi. Jiko halijawashwa, sufuria tupu.

"Mama, sasa feni ilikuwa ya nini?"

"Kelele za mpira zikinizidi, mwanangu, naiwasha. Leo nimeizima kwa kumhurumia fundi tu."