Georges Hatakuja Kitwe

Likasi, 14 Juni 1970

Mpendwa dada Hortense,

Salamu nyingi. Uko muzima? Na magoti ya shemeji Augustin? Huku tuko, tunakula, tunalala. Baridi imeingia, na samaki wa ziwa Tshangalele wamekuwa wadogo kama vidole.

Nisikuzungushe: mudogo wetu Georges hatakuja Kitwe kusomea mashine. Ameanguka mutihani wa Kiingereza. Kitanda ulichomutandikia, lalisha mugeni mwingine.

Mimi njo nilimufundisha. Nani mwingine hapa mujini? Muntu aliyekaa na Waingereza Ndola miaka mitatu, anayeota kwa Kiingereza. Kwamba nilikuwa nafua soksi zao, hiyo ibaki siri yetu. Kila siku baada ya kazi, watu kumi na mbili wa tanuru ya shaba walikaa mbele yangu mu ukumbi wa parokia. Niliwapa maneno ya Kiingereza: nyundo, moshi, malkia, hata namna ya kukataa chai bila kuchukiza muntu. Georges aliwapita wote.

Kitu kimoja sikuwapa: maneno ya mwalimu mwenyewe. Kaa, nyamaza, piga mustari, geuza karatasi. Hayo niliyasema kwa Kiswahili, haraka haraka, ili tufike kwa malkia.

Na weye unajua desturi ya tanuru. Kapita, musimamizi wao, akisema "Inua", muntu anarudisha neno kwanza kwa sauti, "Inua", halafu njo anagusa mashine. Tangu mwenzao Benoît alipopondwa muguu, hakuna anayegusa bila kurudisha.

Basi muzungu wa mutihani akaingia, akawaamuru wakae. Wote wakarudisha neno lake pamoja, kama mu misa, bila kujua maana yake. Akawaambia wanyamaze. Wakarudisha na hiyo, kwa sauti nzuri zaidi. Akawa mwekundu, alizani wanamuchekelea. Mimi nilikuwa inje ya dirisha, nikacheka, dada, mpaka nilipoona anakusanya karatasi nyeupe, hakuna aliyeandika kitu.

Niliingia kumweleza. Kiingereza changu chote kikanikimbia. Nilimwamkia mara mbili, basi.

Tangu siku ile sisikii kitu. Si haya, si huzuni. Muke wangu Martine anaweka bukari, ninamaliza, sijui nimekula na mboga gani. Georges hakunilaumu. Kesho yake alirudi ku tanuru na kile kikohozi cha kifua unachokijua.

Jana nilifungua darasa tena, la yale maneno ya mwalimu tu. Walikuja watatu. Georges alifika wa kwanza, akakaa pale pale pake.

"Kaka," akaniambia, "anza na ile ya kunyamaza."

Nikamufundisha. Aliijua mara moja. Tukabaki hivyo, watu wane, hakuna aliyerudisha neno, mpaka king'ora cha zamu kikalia.

Mama yetu Élise anakusalimu, bado hajaambiwa habari ya mutihani. Nisalimie Augustin na mutoto Claire. Mungu awalaze salama, awaamushe salama.

Wako akupendaye hata akikosa la kusema,

Cyrille