Nimchukue Mdakaji Aliyenuna?

Mpendwa Bibi Opal,

Naomba unishauri kabla ya Jumamosi saa sita mchana, maana huo ndio mwisho wa timu za ligi yetu kubadilishana wachezaji, na mimi ndiye meneja wa timu ya Tarr Hollow, si kwa kuwa najua huu mpira wa Kimarekani, wa kurushwa kwa mkono, kuliko wanaume bali kwa kuwa siku ya mkutano nilipeleka sandwichi na wote wakanigeukia mimi, basi huu mwaka wa tisa nafua jezi, nagombana na waamuzi, na asubuhi napika katika jiko la shule.

Sasa yuko kijana huko Brannock, maili thelathini kutoka kwetu, anaitwa Lamont Gaddis, kazi yake uwanjani ni kukimbia mbele na kudaka anachorushiwa, na akiruka utadhani amesahau kushuka, lakini msimu huu amenuna, anabamiza helmeti kwenye benchi, hasemi na wenzake, na amemwambia kocha wake mbele ya watu, "Niache niende." Kocha huyo, Walt Hollinger, yuko tayari kutupatia, ila anamtaka Gus Petrakis wetu, bonge la mtu mpole wa miaka thelathini na sita, ambaye kazi yake ni kumkinga mrushaji wetu asiangushwe, na Gus mwenyewe hajui lolote. Kinyozini wanasema, "Chukua, Dolores, unangoja nini?" Kocha wetu Rudy anasema, "Ukiniletea huyo mnunaji, utapika na kunoa timu peke yako."

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, basi Jumamosi iliyopita nikawasha gari nikaenda Brannock, nikakaa jukwaani na mkate wangu wa soseji nikihesabu, na katika mipira thelathini na mmoja aliyorusha mrushaji wao, Brent, ambaye ni mtoto wa Walt, miwili tu ilikwenda kushoto, na Lamont alikuwa huko kushoto peke yake, hana mtu wa kumzuia, anapunga mikono kama abiria aliyeachwa na basi.

Baada ya mechi nikamfuata karibu na kibanda cha kahawa. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mama, umekuja kununua au kuangalia tu?"

"Nimekuja kuuliza kwa nini umenuna."

Akacheka. "Watu wote wanataka kunichukua au kunitukana. Kuniuliza, wewe wa kwanza."

"Basi nijibu. Mbona huyu Brent hakurushii?"

Kicheko kikakatika. "Muulize mwenyewe."

Brent alikuwa anapita, amechoka, damu kwenye kiwiko. Nilikuwa na kikombe cha kahawa sijakinywa, nikamnyooshea kutoka upande wake wa kushoto, karibu kabisa na bega. Hakukiona. Alipiga hatua akakigonga, kahawa yote ikamwagikia kifuani, akaruka akisema, "Samahani, mama, sikukuona," na mimi ni mwanamke wa koti jekundu na kilo themanini na tano.

Akaenda. Lamont akasema polepole, "Umeona mwenyewe. Mimi sijatamka neno. Aliniapisha."

"Tangu lini?"

"Mechi ya kwanza, alipogongwa kichwa. Anafikiri jicho litapona. Wapinzani wanamjia upande ule kila wiki wanamvunja, babake anamwita mzembe, na mimi nasimama tu natazama. Nimechoka, mama. Na mipira yangu naitaka pia, nisikudanganye."

Nilirudi nyumbani na mpaka leo mikate naiunguza. Nimchukue Lamont au nisimchukue? Gus nimtoe? Na siri ambayo sikuambiwa bali nimeiona, ni ya nani?

Dolores Wojcik

*

Dolores,

Barua yako naijibu kwa barua pepe siku hiyo hiyo iliponifikia, na itachapwa gazetini tu wahusika wote wakikubali na majina yao yakibadilishwa.

Una moyo mzuri na vipaumbele vya ajabu. Umeendesha maili thelathini kuuliza jambo ambalo ligi nzima ya wanaume haikulifikiria, umegundua kwamba kijana anacheza na jicho moja, kisha unaanza na swali la kubadilishana wachezaji! Ungeona nyumba inaungua, ungeuliza kwanza bei ya pazia?

Siri ya jicho si yako, wala si ya Lamont. Hiyo ni hatari, na hatari haina mwenyewe. Leo, kabla hujamenya hata kitunguu, mpigie Brent. Mwambie, "Nimeona. Alhamisi jioni babako awe amejua kutoka kwako. Ijumaa asubuhi atajua kutoka kwangu." Lamont usimtaje.

Huyo Lamont nampenda, na ningemfinya sikio. Kiapo cha kumwacha rafiki apofuke ni ujinga uliovaa nguo za uaminifu. Helmeti alizobamiza zilikuwa zinasema kitu, lakini helmeti haina mdomo, yeye anao.

Gus mwambie leo, kabla hajasikia kinyozini. Mtu anayepokea vishindo kwa ajili yako kila Jumamosi hajadiliwi kama kiti cha jikoni.

Na kubadilishana, usibadilishane wiki hii. Mtu akinuna kwa sababu, ondoa sababu kwanza, ndipo utazame uso wake. Akiwa bado amenuna, mngoje msimu ujao, na utoe mchezaji anayetaka kuhama. Sasa acha kunisoma, shika simu.

Opal

*

Bibi Opal,

Nilimpigia. Akasema tu, "Sawa, mama," akakata. Jumatano alimwambia babake wakipaka rangi uzio. Daktari amekuta ngozi ya nyuma ya jicho imebanduka, na amesema kipigo kimoja zaidi kingemaliza kazi. Wamempasua. Ataona kiasi, lakini mpira basi.

Walt alinipigia. Nilijiandaa kwa matusi. Akaniambia tu, "Wewe uliona kwa mechi moja. Mimi nakula naye meza moja."

Gus nilipomwambia alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ungeniomba, Dolores, ningekwenda. Ungeniomba tu." Hilo limeniuma kuliko yote. Nilimwomba radhi, na nitamwomba tena.

Saa sita ya Jumamosi ilipita na Lamont hakutaka tena kuhama. Mrushaji wao mpya ni fundi bomba, mkono wake dhaifu lakini anatazama pande zote mbili. Wiki iliyopita walikuja kwetu. Lamont alidaka mipira tisa, akatufunga mara tatu, na kila mara alikimbia kwanza ukingoni, alikokaa Brent na bandeji yake, akamwekea mpira mapajani.

Ile mara ya tatu nilijikuta nimesimama napiga makofi, machozi ya furaha yananitoka.

Rudy akanigeukia, uso mwekundu. "Dolores! Wewe uko upande gani?"

Nikamwambia asogee kidogo, maana ananizibia.

D.W.