Karasha Lako Halikufaa kwa Makopo

Itigi, Jumapili mchana

Elia mdogo wangu,

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo mistari ikiwa inapanda na kushuka usiite watu waje kucheka. Ningepiga simu, lakini wewe nikianza tu kukusema unadai mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Shikamoo yako najua umeisema moyoni, marahaba. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unapakwa, au umeiweka juu ya kabati ikuponye kutoka huko? Na wifi, kifua kimeacha kumbana? Mimi mzima. Goti la kulia linauma asubuhi, jua likipanda linanyamaza. Mwanangu Eliwaza na mume wake hawajambo. Wale mapacha walionileta huku kuwalea wameanza shule, sasa wananisahihisha Kiswahili mimi niliyewafundisha kusema maji. Mvua ilikuwa ya kubahatisha, lakini uwele umekubali.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Siku tulipomzika shangazi ulisimama mbele ya wazee wa ukoo ukasema, "Dada yangu anaokota makopo stesheni kama mtu asiye na kwao." Halafu ukasema utanipa karasha lako la mgodini, ile mashine ya kusagia mawe, hilo likinishinda nifungashe nirudi Sekenke nikae nyumbani kabla alizeti haijavunwa. Mimi kwa hasira nikasema sawa, wazee wakasikia. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Ndiyo maana nakueleza lote, usije ukapata nusu kwa watu wa basi.

Kwanza ujue kazi yenyewe, maana hukuwahi kuuliza. Treni ikisimama hapa watu wananunua asali, wananunua kuku, wanakunywa soda na bia za kopo, wanatupa. Tuko wanawake kumi na mmoja tunakusanya, mwenyekiti wetu ni Mama Zuhura, muuza uji wa hapo stesheni. Zamani tulimpa makopo mtu wa skrepa, anapakia kwenye lori anatuachia vumbi. Tukasema hapana. Yuko fundi Hamisi nyuma ya soko, anasubu sufuria. Tukamwomba ayayeyushe, sufuria zitoke ziwe zetu, yeye achukue sehemu yake. Akakubali, ila akasema makopo mazima hataki, chungu chake cha kuyeyushia kinajaa hewa. "Nileteeni kitu kilichopunguzwa," akasema.

Hapo ndipo ulipoingia wewe na karasha.

Nakumbuka ulivyolishusha kwenye lori kama unashusha bibi harusi. Ukasema kitu chochote cha kwenda motoni lazima kisagwe kwanza, ndivyo baba alivyofanya na mawe ya dhahabu, ndivyo babu alivyotwanga kwa mkono. Na mimi, Elia, sitakudanganya, nilipiga vigelegele. Nimelelewa kwenye vumbi hilo hilo kama wewe. Nilijua kusaga ndiyo mwanzo wa kila kitu. Kwa hiyo kosa ni letu wawili, lakini lako ni kubwa kwa sababu wewe ulilitolea hotuba.

Tukawasha. Zile nyundo zake za ndani zikayachana makopo yakatoka mapande membamba kama maganda ya kitunguu. Mtaa mzima uliziba masikio, imamu akamtuma mtu kuuliza tuna nini. Tukajaza magunia manne, tukampelekea fundi Hamisi tukiimba. Jioni akatuita. Chunguni kulikuwa na vumbi la kijivu na vidonge vigumu, na chini kabisa kibonge cha kujaa kiganja.

"Bibi," akaniambia, "mmeniletea majivu."

"Tumekuletea makopo. Majivu umetengeneza wewe."

"Kipande chembamba hivi moto unakila kabla hakijayeyuka. Hii si dhahabu, bibi yangu. Dhahabu haiungui."

Nilimtukana kidogo, baadaye nikamwomba radhi, yakaisha. Lakini wenzangu walianza kuninong'ona. Mama Zuhura akaniuliza mbele ya wote kama ndugu yangu anatupenda au anatupima. Nikaokota magunia matupu nikaanza kuyakunja. Nilikuwa naona alizeti yako inakomaa na mimi naingia Sekenke na begi langu, wazee wamekaa wananiangalia.

Wiki ile ile akaja kijana mmoja wa mjini, shati limenyooshwa, na picha kwenye simu. Mashine ya kushindilia, ya umeme, inabana gunia zima la makopo kwa mara moja. Wenzangu wakashika vifua. Nikamuuliza inakula umeme gani. Akasema wa njia tatu. Nikamwambia mtaa wetu njia moja yenyewe inakuja ikitaka. Nikamuuliza ikiharibika fundi wake anakaa wapi.

"Dar es Salaam, mama."

"Basi ikae huko huko na fundi wake."

Alicheka, akadhani natania. Wenzangu wengine walikasirika kwamba nafukuza maendeleo. Mama Zuhura akasema, "Karasha hutaki, ya umeme hutaki. Sasa tubane kwa makalio?" Wakacheka wote, hata mimi.

Jibu lilikuwa kwa mchungaji. Unakumbuka nilikwambia kanisa letu lilijengwa na waumini, tofali tulifyatua wenyewe? Ile mashine ya kufyatulia, ya mkono, yenye mpini mrefu, ilikuwa imelala nyuma ya kanisa, kuku wanatagia ndani. Jumamosi nimeenda kufagia, nikaitazama. Nikachukua makopo matano yaliyokuwa kwenye kikapu, nikayatia, nikaning'inia kwenye mpini kwa uzito wangu wote, na mimi sijakonda. Yakatoka bapa kama chapati. Nikatia mengine juu yake, tena na tena, mpaka likatoka tofali. Kwa mikono yangu hii, Elia, bila umeme wala dizeli. Mchungaji akanikuta naongea peke yangu. Akasema tuichukue, ila tukianza kupata tupake rangi milango ya kanisa.

Safari hii sikupiga vigelegele. Nikasema tupime kwanza. Na hapa ndipo nakusema kweli kweli, mtu wa Sekenke wewe. Nani kwetu aliwahi kuchimba shimo kabla ya kuosha sampuli kwenye karai? Baba angekuchapa. Umepima mawe miaka yote, makopo ya dada yako ukaona hayastahili karai moja. Na mimi binti yake pia nikasahau, kwa sababu ya raha ya kuletewa kitu na mdogo wangu.

Tukaenda kwenye mashine ya kusaga unga, tukapima kwenye mizani, gunia la maganda ya karasha lililobaki na matofali ya uzito ule ule. Fundi Hamisi akayeyusha siku moja, mkaa sawa. Matofali ya kwanza yalipoyeyuka, mengine akayazamisha kwenye aluminiamu hiyo, akayakandamiza kwa koleo ndefu, yakapotea humo kama sukari kwenye chai. Maganda yako yalitoa kibonge kama kile cha kwanza. Matofali yalijaza kalibu mbili za sufuria kubwa na ya tatu nusu. Mama Zuhura alikaa chini kwenye mchanga na khanga yake safi.

Nikamuuliza, "Sasa tunabana kwa nini?"

Akasema, "Kwa kanisa, bibi. Na mimi Mwislamu."

Usidhani imekuwa rahisi moja kwa moja. Makopo yana sukari, na huku vichakani ni nyuki watupu, ndiyo maana kuna asali. Siku ya kwanza tumeyarundika uani, saa nne asubuhi nyuki wametufunga ndani ya nyumba mpaka jua linazama. Mimi nimeumwa mara tatu, moja kwenye sikio, likavimba kama andazi. Sasa tunayasuuza kwa maji tuliyofulia nguo, tunayaanika juu ya bati siku mbili yakauke kabisa, maana fundi Hamisi ametuonya kopo lenye unyevu likizama kwenye moto ule linaruka na kuunguza watu. Nimeweka sheria mwenyewe. Anayeleta kopo bichi anarudi nalo kwake, hata awe mwenyekiti.

Siku hizi tunatoa sufuria kila Alhamisi. Ya kwanza ina kovu ubavuni, nimeikataa isiuzwe, naipikia ugali mimi. Nyingine zinakwenda mnadani, na watu wa harusi wameanza kuagiza. Fundi Hamisi sasa ananiita injinia. Nimemwambia aniite hivyo mbele ya wakwe zangu.

Kwa hiyo sirudi, Elia. Ulisema karasha likinishinda. Karasha limeshindwa lenyewe, mimi sijashindwa. Waite wale wazee waliosikia, uwasomee barua hii, na pale nilipokutukana usiparuke. Karasha lako nimelifunika turubai, lina afya. Njoo ulichukue umpe mtu mwenye mawe.

Msalimie wifi, mwambie nampelekea sufuria ya kupikia makande, na wewe usiishike. Msalimie mjomba Nathani, yule mzee anayechunga mbuzi akiwa amelala. Msalimie mkwe wako mama Rehema, aliyenipa mbegu za mlenda, zimeota. Jirani yetu bibi Mwajuma mwambie namkumbuka, na kile kinu chake aache kukiazimisha watu hovyo.

Alizeti ikiwa tayari nitakuja. Nitavuna nanyi siku nne, ya tano napanda basi. Tangu niolewe, kila nilipoingia hapo nyumbani niliingia na msiba, au ugonjwa, au nimefukuzwa na mume, na kila mara wewe ndiye uliyenifungulia mlango bila kuniuliza. Hilo silisahau hata nikikukaripia. Lakini safari hii ukinisindikiza stendi usinibebee begi kwa huruma na usiniombe nibaki. Alhamisi kuna watu wananisubiri.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea,
dada yako Raheli.