Ng'ombe Ambao Hukutaka Kuwahesabu

Mdogo wangu,

Watu wengi hukosea jambo moja: hudhani kipimo cha akili hupima akili ya anayejibu. Mara nyingi kinachopimwa kwanza ni kama aliyeuliza na aliyeulizwa wamelelewa namna moja. Mimi nimechelewa kulijua hilo, na kuchelewa kwangu ndiko kulikokumaliza.

Unakumbuka zizi la baba kule Ilongero? Jioni moja, wakati hata meno yako ya mbele hayajaota tena, ulisimama mlangoni ng'ombe wakiingia, ukasema, "Baba, yule mwenye doa chini ya jicho hayupo." Hukuwa umehesabu. Nyumbani kwetu ng'ombe hawakuhesabiwa kwa mdomo, wala watoto; kuwataja kwa idadi ni kuwaitia kifo. Wewe ulizijua sura zao tu. Baba akanigeukia mimi niliyetoka shule: "Na wewe bwana madaftari, ulimwona?" Sikuwa nimemwona.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Ulikuwa umemzika mtoto wako mchanga nyuma ya nyumba, na kabla machozi hayajakauka tukaambiwa tuhame. Kila asubuhi ulitoka kijiji kipya, ukarudi kwenye mahame, ukakaa kando ya kaburi lile. Hukupika. Hukuongea na mtu. Wakasema umerukwa na akili. Shemeji, mume wako, alipochoka kuchekwa, akakupeleka zahanati siku aliyopita mtaalamu wa magonjwa ya akili. Mtaalamu hakujua Kinyaturu, nikaitwa mimi, mwalimu, nitafsiri.

Alifungua mkoba, akatoa picha, vipande vya mbao na saa. Vipimo vya namna ile vilianzia Ulaya, kwa watoto wa shule, ili anayehitaji kusaidiwa ajulikane. Baadaye vikapewa kazi nyingine, ya kuamua nani atengwe. Siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimepewa kiti kando ya mkubwa.

"Mwulize, baba yake ana ng'ombe wangapi?"

Ulinitazama kwa mshangao. "Sijui."

"Na watoto wake, ni wangapi?"

Ulishika kifua. "Mungu ndiye anayejua." Halafu, kwa ule utani wetu wa utotoni, ukaninong'oneza, "Kaka, mgeni wako huyu hakulelewa na mama? Mweleze basi, wewe uliyesoma."

Sikumweleza. Niliona aibu mtu yule ajue kwamba kwetu, nyumbani kwa mwalimu, bado tunaogopa kuhesabu. Nikasema, "Anasema hajui." Akaandika. Nilichungulia karatasi: akili ya mtoto mdogo, apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, akae huko.

Ukiwa tayari ndani ya gari uliniuliza, "Jumapili utakuja kunichukua?" Nikakujibu ndiyo.

Nilikuja baada ya mavuno. Ulikuwa umenyolewa nywele, na hukunitazama. Nilipokuja tena, mhudumu alinipeleka nyuma ya majengo, akanionyesha safu ya vilima vya udongo. Havikuwa na majina. Kila kimoja kilikuwa na kibao chenye namba, na daftari la namba hizo lilikuwa limepotea. Nilizunguka pale mpaka jua likawa kali, nikarudi nyumbani bila kujua nikulilie wapi.

Sasa nimezeeka. Naweza kukaa na mtu asubuhi nzima nikimweleza vipimo vile vilitoka wapi na vilikosea wapi, na hakuna neno hata moja kati ya hayo linalokurudisha. Sikuombi msamaha. Wa kunisamehe hayupo.

Pumzika, mdogo wangu, popote ulipo katika safu ile. Na wewe mwingine unayeisoma barua hii, kama una ndugu aliyeandikiwa kwamba hana akili, nenda leo ukakae naye, umwulize tena kwa lugha ya nyumbani kwenu, na usubiri mpaka ajibu.

Kaka yako